Dawa ya Majani ya Mheshimiwa Kiboko

Kaeni hapa kwenye nyasi, lakini mikono isikae bure. Kila mmoja ashike gugu lake, alivute taratibu kutoka shinani, na mimi nitasimulia huku nikivuta langu. Miaka kumi na miwili sasa napalilia bustani hii ya mji, na kila anayepita ananiuliza, mama, mbona unajitesa, si upige dawa tu? Leo jibu nawapa ninyi, maana wakubwa hawana muda wa kusikiliza. Wewe wa kofia nyekundu, huo ni ua, si gugu. Rudisha.

Haya. Hapo zamani za kale, nyasi zilipokuwa hazijaanza kuogopa mtu, wanyama walikuwa na mji wao ukiitwa Vichakani. Walikuwa na nyumba na masufuria na majirani wa kugombana nao juu ya kamba ya kuanikia nguo, kama sisi tu. Na katikati ya mji walikuwa na bustani.

Iliitwa Bustani ya Wote, na kweli ilikuwa ya wote. Watoto walicheza bembea, wazee waliota jua, na pembeni palikuwa na kisima cha maji ya kunywa. Kila Jumamosi asubuhi kila nyumba ilitoa mtu mmoja, wakapalilia pamoja, nusu kazi nusu umbea. Saa tano bustani safi, na habari zote za mji zimeshasemwa.

Sasa, mwenyekiti wa mji alikuwa Mheshimiwa Kiboko. Mkubwa wa mwili, mkubwa wa sauti, na hapa duniani alichukia kitu kimoja tu, kuinama. Akiinama tumbo linambana, pumzi inakwama, hp! Palizi ya Jumamosi ilimkera kuliko mbu.

Siku moja akaleta mapipa matatu ya buluu. Msaidizi wake, Bwana Nyati, akajifunga bomba mgongoni, akalijaza, akaanzia kona ya bembea. Fyuu, fyuu, fyuu. Jua halijawa kali, kona nzima imelowa.

Baada ya siku chache majani ya pale yakawa manjano, kisha kahawia, kisha yakalala chini yote kwa pamoja. Mheshimiwa akapita akijipapasa tumbo.

"Mnaona? Hakuna jasho, hakuna kuinama. Palizi ya mikono ni ushamba. Kuanzia sasa ni dawa tu."

Watu wakapiga makofi. Tuseme ukweli, walifurahi. Nani anapenda kuamka mapema Jumamosi?

Lakini palikuwa na mama mmoja ambaye hakupiga makofi. Huyo ni Pimbi, jina lake Mashavu. Pimbi mnamjua? Anakaa kwenye majabali, mdogo mdogo, mviringo, utadhani sungura aliyesahau masikio nyumbani. Hata sisi tukitaka kumdharau mtu mfupi tunamwita pimbi, na si vizuri, mkome.

Mashavu hakuwepo hata kwenye makofi, kwa sababu alikuwa nyumbani anauguza mtoto. Mtoto wake wa pekee, Chiku, alikuwa hatoki kwenye kona ile ya bembea. Pale ndipo palipoota mchunga, ile mboga ya majani mororo, na Chiku alikuwa akibembea huku anatafuna. Siku ile ya fyuu fyuu hakuna aliyeweka hata kijiti cha kuzuia watoto. Chiku akaenda kama kawaida yake. Akabiringika, akacheza, akatafuna mchunga uliolowa.

Jioni midomo imevimba. Nyayo zimetoka malengelenge. Uji haupiti.

Mashavu alikaa naye siku tatu bila kumwachia mtu. Siku ya nne uji ukapita, kijiko kimoja, kisha cha pili. Mashavu akalia, akafuta machozi, akamwomba jirani amwangalie mtoto, akaenda mbio bustanini kutazama kwa macho yake.

Akafika kwenye kona. Kimya. Nyuki, hakuna. Panzi, hakuna. Nyungunyungu wamekauka juu ya udongo kama vipande vya kamba.

Akayaendea yale mapipa yaliyokuwa yamesimama ukutani. Yamebandikwa karatasi nyeupe, imeandikwa kwa herufi kubwa: DAWA. Lakini ncha moja ya karatasi ilikuwa imebanduka. Mashavu akaingiza ukucha, akavuta kidogo, kwa chini akaona picha. Fuvu la kichwa na mifupa miwili.

Alhamisi kulikuwa na mkutano wa mji. Mashavu akapanda juu ya benchi ili aonekane, na hata hivyo akaonekana utosi tu.

"Mheshimiwa," akasema, "kile ulichomwaga bustanini ni sumu. Mwanangu nusura nimpoteze."

Kiboko akacheka mpaka viti vikatetemeka.

"Sumu? Nani amekutuma, pimbi wewe? Karani Korongo, wasomee. Pale pipani pameandikwa nini?"

Karani Korongo alikuwa ndiye mwandishi wa mji, mrefu wa shingo, na chochote kilichosemwa aliandika bila kuongeza wala kupunguza. Akafungua daftari lake, akasoma, "Dawa."

"Umesikia? Dawa. Dawa inaponya, sumu inaua. Mambo ya darasa la kwanza hayo. Hii ni salama kabisa. Hata mtoto akiilamba haimdhuru."

"Mwanangu aliilamba," akasema Mashavu.

"Mwanao alikula embe bichi."

Mkutano ukaangua kicheko. Mashavu akajisikia vibaya, akajisikia mdogo kuliko alivyokuwa, lakini hakushuka kwenye benchi.

"Basi yale mapipa pale ukutani, karatasi ikibanduliwa..."

"Kaa chini!" Kiboko sasa alikuwa hacheki. "Maneno haya yatatia watu hofu. Karani, andika sheria. Kuanzia leo, yeyote atakayeiita dawa hii sumu, awe mkubwa awe mdogo, atapalilia Bustani ya Wote peke yake, kwa mikono yake, shina kwa shina, mpaka iishe. Umeandika?"

"Awe mkubwa awe mdogo," akasema Karani Korongo. "Nimeandika."

"Na keshokutwa Jumamosi, saa nne, Bwana Nyati atapiga dawa bustani nzima. Kona zote, mpaka kwenye mdomo wa kisima. Mkutano umefungwa."

Mnaelewa hapo? Mpaka kwenye mdomo wa kisima. Pale watoto wanapokunywa. Na siku zimebaki ngapi? Moja na nusu. Na Mashavu akitamka lile neno tena, anabebeshwa kazi ya kupalilia bustani ya ekari nane, mwanawe akiwa kitandani.

Akarudi nyumbani anaburuta miguu. Chiku akamtazama, midomo bado imevimba kidogo.

"Mama, Jumamosi nitaweza kwenda bembeani?"

"Utaenda," akasema Mashavu. Akasema kabla hajajua itakuwaje. Mama zenu nao wako hivyo hivyo.

Akachukua kijiko na ile chupa aliyopewa na mkunga wa mtaa. "Haya, fungua mdomo, unywe dawa."

Kijiko kikasimama njiani.

"Mama?"

"Nimesema nini?"

"Umesema nifungue mdomo, ninywe dawa."

Mashavu akaanza kutabasamu. Tabasamu likapanda taratibu mpaka mashavu yakafunika macho, na Chiku akajua mama yake amepata jambo.

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, Mashavu huyo, mpaka ofisini kwa Mheshimiwa. Akainamisha kichwa mpaka pua ikagusa sakafu.

"Mheshimiwa, nimekuja kuomba radhi kwa maneno yangu ya jana."

Kiboko akapendezwa. "Ndiyo maana yake. Enhe?"

"Nataka nisahihishe makosa. Naomba ruhusa nizunguke na debe, niwaite watu wote waje kesho bustanini kushuhudia dawa. Ila nisije nikakosea tena, nikuulize kwanza. Niseme Mheshimiwa ameleta dawa?"

"Sema."

"Niseme ni salama kabisa?"

"Sema kwa sauti."

"Niseme hata mtoto akiilamba haimdhuru?"

"Si ndivyo nilivyosema mwenyewe? Sema."

"Wakiniuliza ni dawa gani, niseme ni dawa ya majani?"

"Sasa si ni ya majani? Sema."

"Na niseme ni ya nani?"

Kiboko akapanua kifua. Alipenda sana maneno yanayosikika vizuri. "Bustani ni ya wote, basi na dawa ni ya wote. Hapo pazuri hapo. Karani, andika."

"Nimeandika," akasema Karani Korongo.

Mashavu akatoka kinyumenyume kwa adabu. Alipofika nje ya lango, mbio!

Ndu ndu ndu! Ndu ndu ndu! Debe likalia mtaa wa kwanza.

"Sikieni, sikieni! Mheshimiwa Kiboko ameleta dawa! Ni salama kabisa! Hata mtoto akiilamba haimdhuru! Ni ya wote! Kesho saa tatu, Bustani ya Wote!"

Fisi akatoa kichwa dirishani. "We Mashavu, dawa ya nini?"

"Dawa ya majani."

"Aa, ya majani." Fisi akaitikia kwa kichwa. "Hizo ndizo zenyewe. Babu yangu alipona tumbo kwa dawa ya majani. Za vidonge mimi haziniingii. Nije na kikombe?"

"Kikombe ni chako, Bwana Fisi. Siwezi kukukataza kutembea nacho."

Ndu ndu ndu, mtaa wa pili. Twiga akasikia, na yeye koo lilikuwa linamuuma, na koo la Twiga likiuma mnajua maumivu yana urefu gani. Tembo akasikia, jino. Ngiri akasikia, mgongo. Kila mmoja akamwambia jirani yake. Mpaka mchana habari ilikuwa imeshamea miguu: dawa ya majani, ya bure, inatibu kila kitu, Mheshimiwa ameitoa mbali.

Na Mashavu je, alisema inatibu? Hata kidogo. Alisema yale yale aliyoruhusiwa.

Mwisho akashuka mpaka mtoni. Kule kulikuwa na nyumba moja chini ya mianzi, na hapo Mashavu akapiga debe mara mbili zaidi ya kwingine kote. Ilikuwa nyumba ya Bi Mkubwa, mama yake mzazi Mheshimiwa Kiboko.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Debe la nini?"

"Mheshimiwa ameleta dawa ya majani, kesho saa tatu, ni ya wote."

Bi Mkubwa akashika goti lake lililovimba miaka na miaka. Uso ukachangamka.

"Mwanangu kaleta dawa? Na hakuniambia. Labda alitaka kunishtukiza." Akacheka kwa furaha. "Nitakuja. Hata kwa kutambaa nitakuja."

Hapo Mashavu roho ikamsuta. Bi Mkubwa alikuwa mtu mwema, aliwahi kumletea Chiku uji wa mtama. Akamshika mkono na kumwambia, "Bi Mkubwa, kesho mimi ndiye nitakayekumiminia. Kwa mkono wangu mwenyewe. Usipokee kwa mtu mwingine yeyote. Niahidi."

"Nimekuahidi," akasema Bi Mkubwa, ingawa hakuelewa kwa nini.

Jumamosi ikafika. Jamani, nyomi!

Saa mbili na nusu bustani imejaa. Saa tatu foleni imeanzia bembeani, imezunguka kisima, imetoka nje ya lango, mkia wake uko sokoni. Vikombe, bakuli, vibuyu, na Fisi amekuja na ndoo. Huyu anakohoa, yule anachechemea, mwingine haumwi chochote ila hataki kupitwa.

Mbele kabisa kulikuwa na meza, na pembeni ya meza pipa la buluu lililoandikwa kwa chaki: DAWA. Na nyuma ya pipa, juu ya kigoda, Mashavu na upawa wake.

"Bado," akawa anasema. "Bado. Tunamsubiri mwenyewe aseme neno. Wazee wapite mbele."

Wakampisha Bi Mkubwa akapita mbele ya wote, na kikombe chake cha bati.

Wa kwanza kutokea alikuwa Bwana Nyati, bomba mgongoni, tayari kwa kazi ya saa nne. Akaona foleni. Akasimama.

"Mnafanya nini hapa?"

"Tunasubiri dawa," wakajibu.

Nyati akacheka. Halafu akaona vikombe. Kicheko kikafa.

"Dawa gani?"

"Hii hii yenu," akasema Fisi akigonga ndoo yake. "Fanya haraka, tumbo linaunguruma."

"Hapana. Hapana, jamani. Hii ni dawa ya majani."

"Tunajua. Ndiyo tunayotaka."

"Si ya majani hivyo! Ni ya... ni ya kuua."

"Kuua nini?" akauliza Ngiri.

Nyati akafungua mdomo. Akaikumbuka sheria. Akaona Karani Korongo amesimama pale pale, daftari wazi, kalamu imenyanyuliwa.

"Kuua... magugu."

"Basi mimi nitakuwa nayo tumboni," akasema Fisi. "Sikia mwenyewe." Na tumbo likalia, gruuu.

"Haiwekwi tumboni! Inapulizwa!"

"Hata vizuri zaidi," akasema Ngiri akigeuka. "Nipulizie hapa mgongoni. Chini kidogo."

Nyati akarudi nyuma hatua moja, bomba likagonga ukuta. Jasho linamchuruzika. "Mheshimiwa," akaanza kuita, "Mheshimiwa, njoo! Njoo upesi!"

Mheshimiwa alikuwa anakuja kwa mwendo wake wa waheshimiwa, na hotuba mkononi. Alipoona umati akafurahi kupita kiasi. Watu wote hawa kwa ajili yake! Akapunga mkono.

Mashavu akaona wakati umefika. Akagonga pipa kwa upawa, ngo ngo ngo.

"Mheshimiwa amefika! Mheshimiwa, waambie watu wako. Ni dawa?"

"Ni dawa!" akanguruma Kiboko.

"Ni salama?"

"Salama kabisa!"

"Hata mtoto akiilamba?"

"Haimdhuru hata kidogo!"

"Na ni ya wote?"

"Ya wote!"

"Haya, mmemsikia mwenyewe." Mashavu akachota upawa mmoja. Kilichotoka kilikuwa cha kahawia, kizito. Akamimina kwenye kikombe cha bati, mpaka juu. "Karibu, Bi Mkubwa. Wewe kwanza."

Kiboko alikuwa ameshafungua hotuba. Akasikia hilo jina. Akainua macho taratibu.

Mwisho wa meza kasimama mama yake, goti limevimba, macho yanang'aa. Amekishika kikombe kwa mikono miwili.

"Ahsante, mwanangu," Bi Mkubwa akasema. "Nilijua hutanisahau." Akakipeleka mdomoni.

Watoto, hotuba ilikwenda upande wake, na kofia upande wake. Kiboko, ambaye miaka mingi hakuwa amekimbia, alikimbia. Akaruka benchi. Akamkanyaga Nyati. Ardhi inatikisika, ndi ndi ndi ndi.

"Mama! Mama usinywe! Ni sumu! Mama, ni sumu hiyo!"

Akafika, akapiga kikombe kofi, kikombe kikaruka, kikaenda kulia juu ya kokoto, kling, kling, kling.

Foleni nzima ikashusha vikombe. Tumbo la Fisi peke yake ndilo lililosema kitu.

Kiboko amepiga magoti mbele ya mama yake, anahema, anamfuta midomo kwa mkono ingawa midomo ilikuwa mikavu. "Hujanywa? Niambie hujanywa. Mama, hujanywa?"

"Sijanywa," akasema Bi Mkubwa. Akamtazama mwanawe kwa muda mrefu. Ile furaha ya usoni ilikuwa imeondoka, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mwanangu. Kama kwangu mimi ni sumu, kwa mtoto wa Mashavu ilikuwa nini?"

Kwa mara ya kwanza Kiboko aligeuka akaiangalia ile kona ya kahawia, na bembea tupu, halafu akamwangalia Mashavu juu ya kigoda chake. Alikuwa analia, mkubwa vile.

Hapo ndipo Mashavu akafanya kitu kilichowatoa watu roho. Akachota upawa mwingine, akaunywa wote. Gulu gulu gulu.

"Aah!" umati ukapiga kelele. Nyati akajifunika macho.

Mashavu akafuta mdomo. "Ukwaju," akasema. "Sukari imepungua kidogo. Hili ni pipa langu la maji la nyumbani, na nimelisugua mwenyewe. Ningempaje Bi Mkubwa kitu nisichoweza kumpa mwanangu?"

Kiboko akasimama, machozi na hasira vimechanganyika. "Umenidanganya!"

"Wapi, Mheshimiwa? Karani anayo maneno yangu yote. Atafute moja ambalo hukuniruhusu."

Karani Korongo akapekua ukurasa wa mbele, akapekua wa nyuma. "Hakuna," akasema. "Ila pipani ameandika dawa kumbe ni ukwaju."

"Na ukwaju si dawa?" akauliza Fisi, ambaye alikuwa ameshatumbukiza ndoo yake. "Mimi tumbo limeanza kutulia."

Mji ukacheka, na safari hii haukumcheka Mashavu. Yeye akashuka kwenye kigoda, akatembea mpaka ukutani yalipokuwa yale mapipa mengine, akaibandua karatasi yote, kraaa, mbele ya macho ya watu. Fuvu likatoka nje na meno yake. Wale waliopiga makofi siku ile wakatazama chini.

"Karani," akasema Bi Mkubwa, "ile sheria ilikuwa inasemaje?"

Karani Korongo akakohoa. "Yeyote atakayeiita dawa hii sumu, awe mkubwa awe mdogo, atapalilia Bustani ya Wote peke yake, kwa mikono yake, shina kwa shina, mpaka iishe."

"Na nani ameiita?"

Macho yote yakamgeukia Mheshimiwa.

Mheshimiwa Kiboko akavua koti. Akalikunja, akampa mama yake. Akaenda mpaka katikati ya bustani, akashusha pumzi ndefu, akainama. Hp! Akang'oa gugu la kwanza.

Bwana Nyati akavua bomba mgongoni, na mapipa yote matatu yakafungwa vizuri na kurudishwa kwa aliyeyauza. Kona ya bembea ikazungushiwa miiba, hakuna kuingia, na bembea ikahamishiwa upande wa kisima. Alasiri ile ile Chiku alikuwa juu yake, nyayo zimefungwa vitambaa, anakwenda juu, anakwenda chini, na mama yake ndiye anayemsukuma.

Kiboko alipalilia wiki tatu. Wiki ya kwanza alilalamika. Wiki ya pili akashikwa na njaa huku ameinama, akatia gugu moja mdomoni kwa bahati mbaya, akasimama akitafuna. Akatazama huku na huku. Akatia la pili. Kumbe kiboko chakula chake ni majani! Alikuwa ameyasahau kwa uheshimiwa. Wiki ya tatu walimwona anapiga mluzi, na kila Jumamosi iliyofuata, watu walipokuja kupalilia kama zamani, walimkuta yeye ameshafika, amemwekea mama yake kiti kwenye jua, na shavu lake limejaa.

Kona ile ya kahawia ilichukua mvua nyingi. Lakini asubuhi moja Chiku alikuja mbio nyumbani, hakuweza hata kuongea, akamvuta mama yake mkono mpaka kwenye uzio wa miiba. Nyuki mmoja alikuwa ametua pale, kwenye ua la mchunga.

Basi, la kushika ni hili: kitu usichoweza kumpa mama yako akinywe, usikimwage anapochezea mtoto wa mwenzio.

Mimi gugu langu limetoka na mzizi wake, na hadithi imetoka nalo. Haya, nionyesheni yenu. Wewe wa kofia nyekundu, umeng'oa ua tena?